Sura ya Sita: Msitu wa Ng'ambo ya Maji

Ukitoka Kahama kwenda Geita kwa njia ya Kakola, utaona magogo yamelazwa mafungu mafungu kando ya barabara, mengine membamba kama mkono, mengine manene kama paja. Mgeni hudhani ni kuni. Hayo ni matimba, miti inayoshushwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, kushikilia kuta zisimfukie mchimbaji. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alifunga matimba kwa miaka tisa upande wa Nyarugusu, na hadi leo hawezi kupita karibu na mti ulionyooka bila kuupima kwa jicho. Huyo ndiye niliyemchagua kwenda naye kisiwani Rubondo.

Nilimweleza safari yenyewe nyumbani kwake Shinyanga: tulale siku nne kwenye hema kando ya ziwa, mchana tutembee msituni kwa miguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mdogo wangu, sisi tumelala porini tangu utoto tukichunga. Leo unataka tulipie?"

Swali lake ni la haki, na wengi huku kwetu wangeuliza hivyohivyo. Kwa Msukuma aliyekua nyuma ya ng'ombe, porini ni mahali pa kazi, pa fisi na pa kiu, na mtu akimaliza shughuli iliyompeleka huko hurudi nyumbani. Siku ile sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba msitu ninaotaka akauone haufanani na pori lolote alilowahi kuchunga, na kwamba uko ndani ya mkoa wa Geita, mkoa uleule alikoacha ujana wake chini ya ardhi.

Shemeji alitufungia matobolwa ya viazi vitamu na karanga za kukaanga. Mimi nilibeba hema la watu wawili, jiko dogo la gesi, unga, dagaa, maharage, chumvi, maji ya kunywa na tochi mbili. Mzigo wa chakula usiupuuze, maana kisiwani usitegemee soko wala kioski cha kukimbilia ukisahau viberiti. Kutoka Geita mjini tulipita Katoro na Buseresere, miji ambayo dhahabu imeikuza haraka kuliko mipango yake, tukaingia Chato, kisha Muganza, na mwisho Kasenda.

Kasenda ni mwalo. Neno hilo lilimsimamisha kaka. Kwa wavuvi, mwalo ni pwani wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki. Kwa wachimbaji, mwalo ni pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, na mara nyingi ndipo zebaki inapochanganywa. Alisimama akiangalia akina mama wakianika dagaa na vijana wakiziba nyufa za mtumbwi, akasema kwamba kwa miaka yote aliyokaa mialoni hakuwahi kujiuliza maji yanakotoka pale yanakwenda wapi. Ziwa lilikuwa mbele yake, kijivu, pana.

Boti kutoka Kasenda hadi kisiwani ni kama dakika 20, na gari la hifadhi hukupeleka robo saa nyingine hadi Kageye, makao makuu ya hifadhi, upande wa mashariki. Wanaotokea Nkome husafiri majini kama saa mbili. Kisiwa cha Rubondo kiko kwenye pembe ya kusini magharibi ya Ziwa Viktoria, katika ghuba ya Emin Pasha. Kina urefu wa karibu kilomita 28, na mahali pengine ni chembamba kiasi kwamba mtu anaweza kuvuka kutoka pwani hadi pwani asubuhi moja. Hifadhi nzima, pamoja na visiwa vidogo na maji yanayovizunguka, ina kilomita za mraba 456 hivi. Kilikuwa pori la akiba tangu 1965, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Sehemu kubwa ya nchi kavu ni msitu mnene wa kijani cha mwaka mzima.

Tulisimika hema chini ya miti, mita chache kutoka ufukweni. Askari wa hifadhi, ambaye kuanzia hapo tulimwita afande kama wote wanavyomwita, alitupa maelekezo matatu. Tusiogelee, kwa sababu mamba wapo, na maji ya ziwa hili pwani nyingi yana kichocho. Tusitoke hemani usiku bila tochi, kwa sababu viboko hupanda kula nyasi gizani na njia yao hupita karibu. Tusiingie msituni bila yeye na bunduki yake. Kaka aliyapokea maelekezo hayo vizuri. Alisema hata duarani mtu hashuki bila wa juu kujua.

Usiku wa kwanza kiboko alikuja kweli. Tulimsikia kabla ya kuona chochote: mkato wa nyasi, kama mtu anayechana nguo nzito, ukikaribia taratibu, ukisimama, ukiendelea. Nililala nimejikaza, mkono juu ya zipu ya hema, na sikumbuki kama nilipumua. Alipopita na sauti ikapotea kuelekea majini, kaka alinong'ona kwamba hakuwahi kulala karibu hivyo na kitu kikubwa kisichomtaka chochote. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi tangu tuliporudi.

Alfajiri jua lilitokea majini moja kwa moja. Furukombe wawili waliitana juu ya mti mkavu, na fisi maji watatu walikuwa wakicheza kwenye mawe, wakipanda na kuteleza, manyoya yao yakimetameta. Nyuma ya mawe kulikuwa na mafunjo, na humo, afande alituonyesha kwa kidole, alisimama nzohe. Ni swala mwenye kwato ndefu zinazopanuka ili asizame kwenye tope. Huko kwingine ni mnyama wa kubahatisha. Rubondo unaweza kumwona kabla hujanywa chai.

Tuliingia msituni saa moja na nusu. Hapa lazima niende polepole, kwa sababu ndipo kiini cha safari.

Mtu aliyezoea miti ya Shinyanga, migunga na mibuyu iliyosimama mbalimbali huku jua likishuka katikati yake, hana picha ya msitu wa namna hii. Ndani ya hatua 30 mwanga ulibadilika ukawa wa kijani, kama tumeingia chini ya maji. Hewa ilikuwa baridi na yenye harufu ya majani yanayooza na kitu kitamu kilichoiva mahali fulani juu. Mitambaazi minene kama kamba za meli ilining'inia kutoka matawi tusiyoyaona. Mikuyu ilikuwa imesimama juu ya mizizi mipana kama mbao zilizosimamishwa wima, na mtu angeweza kujificha kati ya mzizi na mzizi asionekane. Chini hakukuwa na vumbi hata chembe. Kaka aliinama akachota udongo, akaufikicha, akaunusa.

Kisha akafanya alichozoea. Alisimama mbele ya mti mmoja, akarudisha kichwa nyuma, akaupima kuanzia shina hadi pale ulipotoa tawi la kwanza. "Huu peke yake unatosha maduara mawili," akasema. Hakuwa na nia mbaya. Mti kwake ni uhai wa mtu: timba likipungua, ukuta ukishuka, anayebaki chini ni kijana wa watu. Amezika wenzake, na mimi nisiyewahi kushuka duarani sina haki ya kumsuta. Afande naye hakumsuta. Alimwambia kwamba mti ule ukianguka wenyewe hakuna atakayeugusa, utaozea palepale.

"Hata kuni?" kaka akauliza.

"Hata kuni, mzee."

Tuliendelea kutembea, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Siku hiyo hatukuwaona sokwe wanaoishi kisiwani, ila tuliziona alama zao. Afande alituonyesha viota juu ya miti, matawi yaliyokunjwa ndani kwa ndani kama kitanda. Sokwe hujenga kipya karibu kila jioni. Chini yake kulikuwa na makapi ya matunda yaliyotafunwa, yakanyonywa na kutemwa. Kesho yake tulisikia makelele yao kabla ya saa tatu, ukelele mmoja ulioanza chini ukapanda na kupokewa na wengine mpaka msitu mzima ukawa kama unagombana. Tulivaa barakoa, kwa sababu mafua ya binadamu yanaweza kuwaua, tukasogea mpaka pale afande alipotusimamisha. Walikuwa wanne juu ya mkuyu. Mama mmoja alikuwa na mtoto aliyening'inia tumboni pake, ameshika manyoya kwa viganja vyote viwili. Dume moja liliketi, mguu juu ya tawi, likitutazama bila haraka, kisha likaendelea kula.

Hao sokwe hawakuwa wa hapa. Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt nchini Ujerumani, mtu aliyeifanya Serengeti ijulikane Ulaya, alileta Rubondo sokwe 17 katika awamu nne. Walitoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wengi walikuwa wamezaliwa misituni Afrika Magharibi, wakakamatwa wakiwa wachanga, wakasafirishwa, wakafungiwa. Mmoja alikuwa amekaa kizuizini miezi michache tu, mwingine miaka tisa. Hakuna aliyewafundisha kuishi msituni kabla ya kufunguliwa. Waliletwa kwa meli hadi bara letu, wakavushwa ziwa, vizimba vikafunguliwa. Kwa muda walisaidiwa chakula, kisha wakaachwa. Mwanzoni hawakuwaogopa watu, na baadhi ya madume yalishambulia binadamu. Lakini ndani ya mwaka mmoja hivi walikuwa wakijitafutia matunda na kujenga viota, jambo ambalo hakuna mlinzi wa bustani aliyewahi kuwaonyesha. Walizaana. Wale tuliowaona juu ya mkuyu ni vizazi vyao, hawakuwahi kuiona nondo ya kizimba.

Afande alipomaliza kusimulia, kaka aliuliza jambo moja tu. "Yule wa miaka tisa naye aliweza?" Aliambiwa kwamba waliofunguliwa walijifunza, wa muda mfupi na wa muda mrefu. Akatikisa kichwa polepole, akarudisha macho juu ya mkuyu.

Sitaki msomaji adhani kila kilicholetwa kisiwani kilinawiri. Miaka ya 1960 waliletwa pia vifaru weusi 16, na majangili waliwamaliza. Twiga wapo. Mbega wapo. Tembo wachache waliofikishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 wameongezeka sana, na unapita mahali ukaona miti imevunjwa na magome yamebanduliwa. Mwaka 2000 waliachiliwa hapa kasuku wa kijivu waliokamatwa wakisafirishwa kimagendo. Wazo la miaka ya 1960 lilikuwa kukifanya kisiwa kuwa safina. Mimi naona safina hiyo ilibeba makosa yake, ila msitu wenyewe, ambao hakuna aliyeuleta, ndio uliofanya kazi kubwa.

Na kabla ya safina palikuwa na watu. Wavuvi na wakulima wa Rubondo, wenye lugha yao ya Kizinza na makaburi yao, walihamishwa kwenda bara na visiwa jirani miaka hiyohiyo ya 1960. Nilimwuliza mzee mmoja mwaloni Kasenda kuhusu habari hizo. Alisema kwa ufupi kwamba msitu ni mzuri na samaki wanazaa, kisha akanyamaza, akaendelea kushona nyavu. Ninayependa msitu huu nawajibika kuutaja ukimya wa mzee huyo. Samaki wanazaa kweli: maji yanayozunguka kisiwa ni mazalia yaliyolindwa, na sangara na sato wanaokulia humo hutoka wakaingia kwenye nyavu za watu wa Muganza na Nkome. Deni kwa waliohama halijafutwa kwa sababu hiyo.

Jioni ya tatu upepo ulituama na mwezi ulikuwa haujatoka. Mbali majini zilionekana taa za wavuvi wa dagaa, safu ndefu, kama mji uliosimama juu ya ziwa. Tulikula ugali, tukatafuna matobolwa, na kaka akauliza kitu ambacho nilikuwa nikikingojea tangu Shinyanga. "Kwetu kulikuwa na msitu wa namna hii?"

Namna hii hasa, hapana. Mvua yetu ni ndogo, na msitu wa Shinyanga ulikuwa wa migunga na miombo. Lakini ulikuwepo, na ulikatwa kwa mipango. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilipambana na mbung'o anayeleta malale na nagana, na makao makuu ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika yalikuwa Old Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Njia mojawapo ilikuwa kufyeka vichaka alimojificha mbung'o. Watemi waliwatoa watu wao kwa maelfu kwenda kufyeka. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapandwa, kuni zikatakiwa, na miaka ya 1970 vijiji vilipoanzishwa familia nyingi ziliacha nyuma malisho waliyokuwa wameyatunza. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alipopita mkoani aliuita jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wote huku tunauita HASHI. Maofisa wake walianza kwa kuotesha miche ya miti ya kigeni, na mingi ilikufa. Kilichofaulu ni kitu ambacho wazee walikuwa nacho tayari: ngitili. Ni sehemu ya malisho inayofungwa masika ili nyasi na miti vikue, ikafunguliwa kiangazi ng'ombe wakikosa chakula. Ardhi ya Shinyanga ilionekana tupu, lakini chini ya udongo visiki vilikuwa hai. Ukizuia shoka na mifugo miaka michache, kisiki hutoa machipukizi, machipukizi yanakuwa mti. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wazungu walikuja kusoma kwetu. Nyasi za kuezekea zilirudi, asali ilirudi, mama mjamzito hakwenda tena mbali kutafuta kuni.

Kaka anaijua ngitili kuliko mimi. Baba mkubwa aliacha moja, na yeye ndiye anayeishika sasa. Aliniambia usiku ule, huku akichokonoa udongo kwa kijiti, kwamba kuna mfanyabiashara wa matimba amekuja mara mbili kuitazama, na bei aliyotaja si ndogo. Sikumshauri. Kwanza yeye ni mkubwa wangu. Pili ana watoto wawili sekondari. Nilimuuliza tu kama mikaratusi ya kupandwa haiwezi kufaa duarani. Alisema inafaa, tena wengi huitumia, ila inataka mtu aliyeanza kuipanda miaka kumi iliyopita.

Siku ya mwisho tulivuka kisiwa kwa miguu kuelekea magharibi. Njia inapanda kidogo, ikashuka, msitu unafunguka kwenye nyasi na kufunga tena. Vipepeo walikuwa wametua kwenye tope kwa mamia, na pongo mmoja alisimama njiani mpaka tulipomkaribia hatua 20. Kaka alitembea mbele. Alikuwa bado anasimama mbele ya miti, ila niliona sasa anaweka kiganja kwenye gome na kukiacha hapo kidogo kabla ya kuendelea.

Msomaji wa Shinyanga, Kahama, Geita au Katoro, safari hii iko ndani ya uwezo wako kuliko unavyodhani. Kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni, na malipo huhesabiwa kwa saa 24. Hema likiwa lako, kulala kambini ni nafuu kuliko chumba cha wageni. Juni hadi Agosti njia ni kavu na matembezi ni rahisi; Novemba kuendelea kuna mvua, na ndipo maua na vipepeo vinapokuwa vingi. Omba nafasi ya kuwaona sokwe mapema, kwa kuwa kundi la watembezi huwa dogo. Vaa suruali ndefu na nguo za rangi iliyofifia, na ukiwa na mafua subiri upone. Nenda na mtoto wa shule aliye darasani akisoma neno "msitu" bila kuwahi kusimama ndani yake. Nenda pia na mtu anayekata miti, maana yeye atauona vizuri kuliko sisi sote.

Ngitili ya baba mkubwa ni ekari sita. Mfanyabiashara alirudi mara ya tatu mwezi uliofuata, akaondoka bila gogo. Nyuma ya nyumba, karibu na zizi, kaka amepanda mikaratusi 200.